Kokoto ya Nne

Kokoto tatu nilizirusha mimi. Nalisema hili mapema, mtu asije akafika katikati ya habari hii akadhani amenishika. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya kihenge cha mtama, jua likizama, na mkononi nilikuwa na kokoto tatu nilizoziokota kwa makusudi njiani nikitoka shule, nzuri, za duara, kila moja kama yai la njiwa. Ndani ya nyumba baba alikuwa amewakaribisha majirani kula ugali chini ya bati jipya, ambalo fundi alilimaliza mchana uleule.

Huwezi kumwelewa baba yangu bila kulielewa lile bati. Msimu ule pamba ilikuwa imekubali. Wenye pamba wengine walinunua ng'ombe, wengine baiskeli, mmoja aliongeza mke. Baba alinunua mabati. Yalishushwa kwenye treni Isaka, yakaletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, na sisi watoto tukayakimbilia nyuma kwa vigelegele kama yanakwenda kuolewa. Fundi alikuja nayo kutoka hukohuko, akayapigilia misumari, akala kuku wetu wawili, akaondoka. Kijiji kizima kilikuwa cha nyasi, hata shule yetu ni ya nyasi, na nyumba yetu ikasimama katikati inameta kama jino la dhahabu katika kinywa cha maskini. Watu waliolala chini ya bati walikuwa wa mbali, wa Mwadui kwenye almasi au wa mjini Shinyanga. Kwetu hakuwepo hata mmoja.

Baba akasahau mazungumzo mengine yote. "Chini ya bati," alikuwa akisema, "nyoka hashuki, moto haushiki, mvua haiingii." Jioni ile alikuwa akiyasema hayohayo, na jirani yetu wa upande wa zizi, mwanamume mnene ambaye mdomo wake haujawahi kuona kufuli, akiitikia na tonge shavuni. Nikarusha ya kwanza.

Ta!

Ndani kimya. Nikarusha ya pili. "Nini hicho?" jirani akauliza. Ya tatu ikabingirika kutoka juu hadi chini, krrrr, ikaangukia kwenye jaa la majivu, na jirani akachomoka mlangoni na tonge lake mkononi. Nilijiziba mdomo kwa shati. Machozi yalinitoka kwa kucheka.

Kisha bati likasema tena. Ta!

Nikautazama mkono wangu. Mtupu. Nikatazama chini, labda ilikuwepo nyingine nikairusha bila kujijua. Ta! Halafu tata-tata, kutoka ukingoni kuelekea kileleni, kama mtu anayetembea kwa visigino, mwenye haraka lakini hataki ionekane ana haraka. Katika boma lile zima, mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba kokoto zilikuwa tatu.

Tangu siku ile, kila jua lilipozama, bati letu lilitembewa. Asubuhi pia, jua likianza kuchoma, lilitembewa. Mchana wingu likipita, hatua mbili tatu, kisha kimya. Baba aliacha kulisifu. Tulikula haraka, tena nje. Mama alimfunga mgongoni mdogo wangu wa kike, aliyekuwa na kikohozi, na hakumshusha hata alipokuwa akisonga ugali. Na mimi niliyezoea kuchekesha watu, mimi niliyemvalisha mbuzi kofia nikamwingiza darasani wakati mwalimu anaita majina, nililala nimejifunika ngozi mpaka utosini, nikijiuliza ni nani aliyeuona mchezo wangu akaupenda.

Sasa nimlete bibi yangu. Bibi ni mama yake baba. Alikuwa na kibanda chake cha nyasi humohumo bomani, karibu na ua wa minyaa, na bati lilipokuja alikataa kuhamia. "Chuma ni cha jembe na mkuki," alimwambia baba mbele ya fundi. "Sijaona chuma cha kulalia. Nyasi hunyamaza, mwanangu. Hicho chuma chenu kitawasemesha."

Watu wakacheka siku ile. Fundi alicheka kuliko wote.

Tena bibi alikuwa na macho mekundu. Kwetu miti ilikwisha zamani, tunapikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka, na moshi wake hauna adabu. Bibi ameuinamia moshi huo tangu ni msichana. Mimi nilikuwa nikimtania: "Bibi, leo umekunywa pombe ya nani?" Naye hujibu, "Ya babu yako, alinibakizia." Halafu ananipa michembe yenye karanga, nakaa mlangoni pake nikitafuna viazi vile vikavu mpaka taya zinaniuma. Sikuwahi kufikiri kwamba macho yale, ambayo watu huyaita ya kichawi, ni hatari kwa mwenye nayo.

Neno lilianzia kisimani. Mama ndiye aliyelipeleka, na sitamficha kwa kuwa ni mama yangu. Alikuwa na hofu, mtoto anakohoa, hajalala, na wanawake wenziwe walipomuuliza habari za bati akasema, "Mama mkwe alisema litatusemesha." Basi. Ni hayo tu. Neno lile lilitoka kisimani dogo, likarudi kijijini na pembe.

Jirani yetu mnene ndiye aliyelileta kwa baba, jioni, wakiwa wamekaa kwenye vigoda karibu na zizi. Mimi nilikuwa nafunga ndama.

"Nisamehe, Baba," alimwambia, "mimi si mtu wa maneno."

Nilikaribia kumwachia ndama.

"Lakini watu wanauliza. Mwenye nyumba anaumwa? Hapana. Ng'ombe wanakufa? Hapana. Mtoto anakohoa, ndiyo, na juu ya nyumba kuna anayetembea. Nani alisema litasema? Na macho yale, Baba. Mimi simo. Ni watu."

Baba aliinama. Alichora chini kwa kijiti. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Nitamwita mganga apasue kuku."

Mwaka uliotangulia ng'ambo ya mbuga kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, mjane. Alipasuliwa kuku, kuku akamtaja kuwa mchawi. Walibomoa paa la kibanda chake mchana kweupe, akaondoka na kigoda kichwani akishika njia ya Isaka, na katika njia yote ile, ambako hata mbwa hupewa salamu ya *mwadila*, hakuna aliyemwamkia. Watoto tulimfuata nyuma. Mimi nilikuwa na debe, nikalipiga, watu wakanicheka, nikazidi kulipiga. Sijui alifika wapi. Usiku ule baada ya maneno ya jirani nilimwona kila nilipofumba macho, ila alipogeuka uso ulikuwa wa bibi, na debe lilikuwa bado mkononi mwangu.

Mganga angekuja siku ya pili baada ya gulio. Kabla ya hapo ilinibidi nimpate huyo anayetembea.

Nilianza kwa akili zangu zote, ambazo si nyingi. Alasiri nilipanda juu ya kihenge, nikanyunyiza majivu kwenye bati upande mzima wa machweo, kama mtu anayetega panya. Halafu nikaenda kukaa juu ya kichuguu kilicho nyuma ya nyumba, mahali ambapo bati lote linaonekana kama kiganja. Nikasubiri. Ng'ombe wakarudi. Vumbi lao likatua. Jua likagusa minyaa.

Ta!

Nililitazama bila kupepesa. Ta! Tata-tata! Sauti ilitembea mbele ya macho yangu, kutoka msumari hadi msumari, na juu ya bati hapakuwa na mtu, hapakuwa na paka, hapakuwa na hata njiwa. Majivu yalilala palepale. Afadhali ningeona jitu lenye kichwa cha fisi. Ningekimbia, na mtu akikimbia angalau anajua anachokikimbia. Mimi nilibaki nimekaa juu ya kichuguu, siwezi kushuka, nikiona hakuna kitu kikitembea.

Nikamwita baba aone, nikidhani nimemsaidia bibi. Baba akapanda, jirani akapanda nyuma yake akihema, kihenge kikalia chini ya uzito wake. Wakayatazama majivu.

"Umeona?" jirani akasema. "Hana nyayo. Wenye nyayo ni mimi na wewe."

Nilitamani ningemsukuma.

Lililobaki lilikuwa moja. Nikamfuata baba jioni iliyofuata, nikapiga magoti. "Baba, zile kokoto za siku ya kwanza nilirusha mimi. Nilikuwa nyuma ya kihenge. Bibi hajui kitu. Nichape."

Baba alinitazama. Kisha uso wake ukafunguka kama mlango. Sijawahi kumwona mtu akitafuta fimbo kwa furaha namna ile. "Ni wewe!" alisema. "Mbwa wewe! Ni wewe!" Akanichapa huku anapumua kama mtu aliyetua mzigo, nami, naapa, nilipiga kelele kwa furaha vilevile, maana kila fimbo ilikuwa inamtoa bibi njiani. Jirani akaja mbio. Hajawahi kukosa fimbo za mtu.

Jua lilikuwa linazama. Sikulifikiria.

Ta! Tata!

Fimbo ya baba ikasimama hewani. Mimi nilikuwa chini, mikono yangu yote miwili imeshika vumbi mbele ya macho ya watu watatu. Bati likatembea mpaka likachoka.

Jirani ndiye aliyesema, taratibu: "Mtoto akirusha, linalia. Asiporusha, linalia. Basi anajifunza. Na anajifunza kwa nani? Kila siku huyu anakula mlangoni kwa nani?"

Wote wakageuka kuutazama moshi uliokuwa ukitoka kwenye nyasi za kibanda cha bibi. Mama alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Akanivuta mkono, akaniingiza ndani, akanipaka majivu kwenye paji la uso. Nilikuwa nimekwenda kumtoa bibi shimoni, nikamfukia.

Nikakatazwa kwenda kwake. Asubuhi nilipopita na mbuzi aliniita kupitia minyaa. Nilisimama upande wangu, yeye upande wake, na kati yetu matawi na maziwa yale ya minyaa yanayopofusha.

"Wanasema nakufundisha," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Nilikufundisha kutafuna michembe. Na hilo hujajua vizuri." Akacheka kidogo, halafu hakucheka. "Usije huku, mjukuu wangu. Usiniite. Ukinipenda, usinijue."

Sina utani wa kuweka hapo. Nilitafuta, sina.

Siku ya gulio mama alinituma kisimani saa za mchana. Debe letu lilikuwa limeachwa tupu juani, limeegemezwa ukutani, la moto kiasi kwamba nililibeba kwa majani. Nilipofika kisimani nikachota kwa kibuyu yale maji ya chini, baridi, nikamimina.

Ta!

Kitako cha debe kiliruka. Nikadondosha kibuyu.

Mtoto gani asiyeijua sauti ile? Nimeisikia maisha yangu yote. Debe la moto ukilitia maji baridi, kitako kinaruka. Ukiliacha juani, kinaruka tena upande wa pili. Lakini siku ile nilikaa pale kisimani nimeduwaa, wanawake wakinisogelea kisha wakinikwepa, maana nilikuwa tayari mtoto wa kukwepwa. Nikamwaga maji, nikaliweka debe juani, nikasubiri, nikamimina. Ta! Wanawake wakabeba madebe yao wakaondoka. Mimi nikabaki na debe langu. Debe na bati ni ndugu, mama mmoja. Bati letu linachomwa mchana kutwa, jua likizama linapoa. Asubuhi limepoa, jua linalichoma. Na ile siku moja mvua iliponyesha kutwa, je, lilitembewa? Nikakumbuka. Halikutembewa.

Lakini mtu aliyekwisha kumfukia bibi yake mara mbili kwa akili zake haziamini tena. Kama ningesema, jirani angesema nimefundishwa. Ilibidi wote waone. Na kama ningemwaga maji mbele ya mganga na bati likanyamaza, basi ningekuwa nimemfungia bibi mzigo mimi mwenyewe.

Siku yake ilipofika, mganga alikuja jua likiwa limesimama wima. Alikuwa mzee msafi, mpole, mwenye shuka jeupe na kisu kidogo kikali sana. Baba alikuwa na kifaranga cheupe, amekwisha kukitemea mate mdomoni kama inavyotakiwa. Watu walijaa mpaka nje ya ua. Bibi aliambiwa akae kibandani mpaka aitwe. Nilitazama mlango wake. Haukuwa na moshi. Siku hiyo hakuwa amewasha hata moto.

Mganga akanyoosha mkono kupokea kifaranga. Nikapanda kihenge na debe la maji kichwani.

"Shuka!" baba akafoka. "Mbwa wewe, unaniaibisha mbele ya watu!"

Bati lilinichoma nyayo nikacheza ngoma bila kupenda. Nikamimina. Maji yakasema *shhh*, mvuke ukapanda, yakateremka yakawalowanisha kuku. Basi. Bati kimya. Nilisikia jirani akicheka, na nyuma yake kicheko kingine, na kingine, na nilijua kicheko hicho, ni kile cha siku ya mjane. Yalibaki maji ya nusu debe. Nikapanda juu zaidi, kileleni, mahali ambapo fundi alibana misumari mingi kama anayelipwa kwa msumari, nikayatupa yote kwa mpigo.

Ta! Ta-ta! Tata-tata-tata!

Liliondoka kileleni likakimbia mpaka ukingoni. Kina mama wakanyakua watoto. Mtu mmoja akaangukia kwenye minyaa.

"Nani anatembea?" nilipiga kelele, na sauti yangu ilikuwa ya kulia. "Mimi nimesimama hapa! Mnamwona nani? Ni jua! Linalichoma bati likapata moto, likipoa linajikunja! Ni kama debe! Mama, leta maji mengine, nitalitembeza ninakotaka!"

Hakuna aliyesogea. Halafu mama akaja. Alibeba debe la pili, akampa baba, si mimi. Baba akapanda taratibu, akiwa na sura ya mtu anayepanda kaburi. Akamimina upande wa mashariki. Ta! Akamimina karibu na mlango. Ta, ta! Akasimama pale juu ya bati lake, watu wote wakimtazama, akanong'ona, "Debe." Kisha akamimina tena, na tena, ingawa hakuna aliyemuuliza, mpaka maji yakaisha.

Mganga alirudisha kisu kwenye ala. "Ndivyo nilivyokuwa nataka kuwaambia," akasema. Akakitia kifaranga kwapani kikiwa kizima, akaaga vizuri, akaondoka nacho. Jirani yetu aliwaambia watu kwamba yeye tangu mwanzo hakuamini. Watu wakatawanyika wakilitania bati, na wengine wakitoka hawakupita karibu na kibanda cha bibi. Walizunguka. Nililiona hilo.

Nikakimbia kwake. Alikuwa ameketi sakafuni. Kigoda chake, chungu chake na nguo zake mbili vilikuwa vimefungwa mzigo mmoja kwa kamba ya katani, fundo limekazwa sana.

"Bibi, ni jua!"

Akanitazama kwa macho yake mekundu. "Mimi ningejuaje ni jua? Nilijua tu si mimi."

Hakuufungua mzigo. Nilijaribu mimi, fundo likanishinda. Nikatoka, nikamkuta mama amesimama uani, mtoto mgongoni, madebe mawili matupu miguuni pake. Nikamwambia, mama, yamekwisha, mwambie bibi afungue mzigo wake. Alikitazama kile kibanda kisicho na moshi muda mrefu, kisha akasema hivi, nami nayaweka kama yalivyotoka:

"Zile kokoto tatu hazikurushwa na jua. Na neno lililofika kisimani halikupelekwa na bati. Shika debe hilo, mimi nishike hili, tukamtekee bibi yako maji. Halafu wewe utaanza kusema, mwanangu. Mimi mdomo wangu bado mzito."